Mpishi wa Harusi na Mchanga wa Paka

Tulimwita Bi Mpishi. Sidhani kama kuna mtu mtaani kwetu Mkunazini aliyewahi kuona haja ya kumwita vinginevyo. Jina lake nalijua, lakini likitajwa hata yeye mwenyewe huchelewa kuitika. Alikozaliwa na aliyemzaa ni habari za wenyewe, na wenyewe hawajanituma. Mimi nataka kusimulia namna alivyotupa mchanga wa paka wake, kwa sababu katika miaka yote niliyoishi chini yake, yeye ghorofa ya juu na sisi ya chini, sijaona jambo lililomwonyesha mwanamke yule alivyo kuliko hilo.

Najua unachokifikiri. Mpishi wa harusi, tena yule ambaye pilau lake watu walikuwa wakiliulizia kabla ya kuuliza bibi harusi ni nani, na paka? Naam, paka. Na taabu yote ilianzia hapo. Mpishi wa harusi hana duka wala kibao mlangoni. Ana jina tu, na jina lenyewe limo midomoni mwa wanawake. Siku watakaposema jikoni kwake mna manyoya, masufuria yake yatakaa darini mpaka yaote kutu. Bi Mpishi alilijua hilo vizuri na bado aliweka paka. Alitaka vyote viwili, paka wake na jina lake, na kila asubuhi niliyomwona alikuwa kazini kuhakikisha kimoja hakimponzi mwenziwe.

Ukimuuliza, atakwambia hawapendi.

"Mimi paka siwapendi," alikuwa akisema, huku akimchambulia mmoja wao miba ya samaki changu kwa ncha za vidole. "Hawa ni wageni tu waliokataa kuondoka. Nifanyeje, niwafukuze?"

Wageni hao walikuwa na majina. Hiliki alikuwa mwembamba wa kijivu, mwenye tabia ya kulala ndani ya ungo. Binzari alikuwa wa manjano na mwizi. Na palikuwa na dume moja kubwa jeupe, lisilofanya kazi yoyote ila kukaa juu ya mto na kungoja kuletewa. Huyo alimwita Bwana Harusi. Mama yangu siku aliposikia jina hilo alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akamwangalia baba yangu aliyekuwa amejinyoosha kwenye kitanda cha kamba, akacheka upya.

Paka wengi wa Mji Mkongwe ni wa vichochoroni na wanajisaidia wanapopajua wao. Wa Bi Mpishi walikuwa wa ndani, maana hakutaka kiumbe aliyekanyaga mtaro aje akanyage sakafu yake. Sasa paka wa ndani, ghorofani, pasipo na udongo hata wa kujaza kikombe, lazima atengenezewe choo. Choo chenyewe kilikuwa beseni pana kwenye kijichumba cha nyuma, mbali kabisa na jiko, chini ya dirisha lililokuwa wazi mchana kutwa. Ndani yake hamkuwa na mchanga, ingawa sote tuliuita mchanga. Zamani aliwahi kuagiza mchanga wa pwani, akauacha kwa kuwa ni mzito kupandisha ngazi, unabaki na majimaji, na pwani, alisema, si ghala lake. Akageukia unga wa mbao. Ubavuni mwa nyumba yetu kuna karakana ya fundi seremala, mtu wa Bara, anayechonga milango na masanduku, na unga wa msumeno ulikuwa ukimjaa mpaka dirishani.

"Fundi, huo usiutupe," alimwambia. "Nipe mimi. Lakini wa mvule sitaki, unawasha pua. Paka watapiga chafya, na mimi nitapiga chafya, na mimi nikipiga chafya sipiki."

Unga huo akauchanganya na jivu la mkaa alilolichekecha. Jivu hakulikosa, mpishi wa harusi atalikosaje? Unga ulinyonya majimaji na jivu lilikata harufu. Kijiko cha kuchotea kilikuwa upawa wa kifuu cha nazi, aliouzeesha jikoni kisha akautoboa matundu kwa msumari wa moto, ili unga safi uchuje chini na uchafu ubaki juu. Mpini wake aliuzungushia uzi mweusi. Tangu siku ile upawa ule haukuvuka kizingiti cha jiko, na ole wake mgeni aliyeuona ukining'inia akadhani ni wa mchuzi.

Kila kitu kwake kilikuwa na upande wake. Mkono wa kushoto, ndani ya glavu ya mpira, ulikuwa wa paka. Wa kulia ulikuwa wa chakula. Alikuwa na kanga moja kuukuu ya kijichumba, ambayo haikufuliwa pamoja na nguo nyengine hata kwa bahati mbaya. Vyakula vilitoka kwa mlango wa mbele na uchafu ulitoka kwa mlango wa nyuma, hata kama mvua inanyesha nyuma na mbele kuna jua. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo, na paka wanaingia mpaka msikitini hakuna anayewafukuza.

"Paka si najisi, mwanangu," alinijibu. "Alichokiacha nyuma yake ndicho najisi. Watu wanachanganya. Wengine wanamchukia paka kwa sababu ya kinyesi, wengine wanaacha kinyesi kwa sababu wanampenda paka. Wote hawajui kugawanya."

Alipenda sana neno hilo la kugawanya. Mtu akilalamika habari ya mume, atamwambia agawanye: tabia yake weka huku, mama yake weka kule. Mimi mwenyewe baadaye niliwahi kushauriwa hivyo, na nitaeleza.

Asiyemjua vizuri angedhani ni mtu mkweli kupindukia. Hasha. Katika mapishi alikuwa mwongo wa kutupwa. Mwanamke akimwomba amfundishe pilau, alimfundisha kwa moyo mkunjufu, akamkaribisha jikoni, akamwekea kigoda, akamtajia kila kitu isipokuwa kimoja. Kila mmoja alinyimwa kitu tofauti, mmoja mdalasini, mwengine namna ya kuloweka mchele, ili wakikutana wasiweze kuunga. Mji mzima ulijaa mapilau yaliyokaribia kuwa lake. Akisikia mtu anasifiwa kwa pilau hilo alitabasamu na kusema, "Mashallah, kajitahidi," na mimi niliyekaa karibu naye nilijua maana yake.

Kutupa kulikuwa na sheria zake. Aliokota kila asubuhi, kila siku ya Mungu. "Kikilala kinakuwa na madhara mengine," alisema, na aliyasema haya miaka mingi kabla mimi sijayasikia kwa muuguzi. Hakutia chooni. Nyumba zetu zina mabomba ya kizee, na mpangaji mmoja wa nyumba ya pili, aliyekuwa na paka wa kifahari, alimwaga mchanga wake chooni mpaka bomba likafunga na kichochoro kizima kikala chakula cha mchana kwa kuziba pua. Bi Mpishi alimsimamia fundi bomba tangu mwanzo mpaka mwisho, amejifunga kanga kiunoni, kama aliyealikwa. Hakumwaga kwenye makopo yake ya mrehani juu ya dari, ingawa watu walimwambia ni mbolea. Mbolea, alisema, ni ya ng'ombe anayekula majani. Na hakuuacha uchafu nje usiku, kwa sababu ya kunguru. Kunguru wa Mji Mkongwe wanaamka mapema kuliko muadhini. Watu wa nyumba ya tatu waliwahi kuacha wao, na walioshuka kwenda kusali alfajiri ile walirudi wote kutia udhu upya.

Kwa hiyo alikuwa akishuka asubuhi, muda mfupi kabla gari la taka halijafika kwenye jaa la barabarani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku hapa kwetu siku nyingi, basi uchafu aliufunga kwa karatasi za gazeti, tabaka mbili, akakunja kona, akazungusha kamba ya usumba ikikatana katikati, na fundo dogo juu. Hakuwa na namna mbili za kufunga kitu. Kifurushi kile alikifunga sawasawa na alivyofunga halua ya kupeleka ukweni. Kisha alikitia katika kikapu kidogo cha ukindu chenye kifuniko, vile vikapu vinavyouziwa halua, kwa kuwa alikuwa navyo tele kutoka harusini na alichukia kutupa kitu kizima. Akifika jaani alikitupa kifurushi na kurudi na kikapu. Kisha alimwaga maji ya moto na sabuni kwenye beseni, akalianika juani juu ya dari. Dawa ya madoa hakutia. Aliwahi kuijaribu ikachanganyika na mkojo wa paka, ukatoka moshi uliomliza machozi mchana kutwa. Mwisho aliosha mikono mpaka viwikoni, akafukiza ubani. Ubani ulikuja mwisho. Aliwadharau waliouchoma mwanzo.

Sasa nifike kwenye harusi yangu.

Mume wangu ni mtu wa Bububu. Anafanya kazi hotelini Kiwengwa, na nilipoposwa, mama yangu hakuuliza mtu. Alipanda ngazi akamwambia Bi Mpishi ajiandae. Alijiandaa kama anayeozesha wa tumboni mwake. Siku yenyewe alikuwa uwani kwetu tangu kabla ya jua, masufuria kila upande, moshi, wasaidizi wanakimbia, na katika pirikapirika hiyo, kwa mara ya kwanza nijuavyo mimi, gari la taka likapita yeye hajashuka na kikapu. Alikuwa ameshakifunga. Akakiweka nyuma ya mlango wa nyuma, chini ya ngazi, pasipopita mtu, akasema atakipeleka mwenyewe adhuhuri.

Kwetu watu wa upande wa mume hawaondoki mikono mitupu. Vikapu vya halua vilikuwa vimepangwa mlango wa mbele vikiwangojea. Lakini mlango wa mbele ulikuwa umejaa wanaume, na shangazi mmoja wa mume wangu, mwanamke mwenye haya, akaona apite nyuma. Akakuta kikapu cha ukindu, ndani yake kifurushi cha kona nne na fundo dogo juu. Akajua kimesahauliwa. Akawafanyia wenzake hisani, akakibeba mpaka Bububu.

Mimi nilikuwa ndani nimekaa na hina zangu, nimeinamisha uso kama inavyotakiwa, sijui lolote. Lakini nimesimuliwa na kila aliyekuwapo, na hadithi zao zinalingana. Bi Mpishi alikwenda chini ya ngazi, hakukuta kitu. Akauliza nani kapita hapa. Akaambiwa. Alitoka hivyo hivyo alivyo, aproni imejaa masizi na mwiko mkononi, akasimamisha teksi.

Bububu walikuwa wameshafika, wamekaa chumbani kwa duara, kahawa imemiminwa kwenye vikombe, kikapu kimefunguliwa na kifurushi kimewekwa katikati ya sinia. Mama mkwe wangu ndiye aliyeshika kisu. Kamba alikuwa ameshaikata, na tabaka la kwanza la gazeti ameshalifunua.

"Bibi yangu, weka kisu chini," Bi Mpishi alisema kutoka mlangoni. Hata kusalimia hakusalimia. "Hiyo si halua. Ni uchafu wa paka wangu, umekuja kwa makosa. Naomba radhi."

Ami wa mume wangu, mzee mmoja mnene aliyekuwa amekaa karibu kabisa na sinia, akaliangalia lile furushi, akamwangalia Bi Mpishi.

"Uchafu gani huo?" akauliza. "Mimi toka tumekaa hapa nasikia harufu ya hiliki."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Watu walicheka mpaka kahawa zikamwagika, na shangazi mwenye haya alijifunika buibui usoni akacheka humo humo ndani. Aliyekuwa hacheki ni mmoja. Mama mkwe wangu aliweka kisu, akainuka, akaenda kuosha mikono, akaiosha tena, akarudi akasimama.

"Mpishi mwenye paka," akasema. "Na sisi tumekula."

Bi Mpishi alikifunga upya kifurushi mbele yao, kona nne, akakirudisha kikapuni, akaomba radhi tena, akaondoka. Njiani dereva wa teksi aliona kikapu kimepakatwa vizuri, akaomba aonjeshwe. Bi Mpishi alikuwa akiihadithia sehemu hii kuliko zote, na kila mara alimwigiza dereva kwa sauti nyengine.

Niliwahi kumuuliza, mwongo mkubwa kama yeye, kwa nini hakusema halua ile imekosewa sukari au jambo kama hilo, akaichukua akaenda zake.

"Pilau langu ni langu, nnaweza kuficha," alisema. "Lakini mtu keshakaa na kitu chako mezani kwake, kisu kishaingia. Ana haki ya kujua ni kitu gani."

Habari ilifika mjini kabla ya teksi. Baadhi ya wateja walimkimbia, hilo alilitarajia. Hakutarajia kwamba wengine wangekuja kwa sababu hiyo hiyo. Walisema ikiwa uchafu wa paka wake unakaa sebuleni na watu hawajui, basi jikoni kwake kukoje? Miaka ile ndiyo aliyopika harusi nyingi kuliko zote. Tuliokaa chini tulilala na harufu ya vitunguu na kuamka nayo, na sikumsikia mtu akilalamika.

Mama mkwe wangu hakulegea. Si mtu mbaya, na naomba nisieleweke hivyo. Ni mwanamke mnyofu, msafi, mcha Mungu, aliyenipenda tangu mwanzo. Lakini kila alipokuja kunitembelea mjini, maana mume akiwa Kiwengwa mimi nilibaki kwetu, na chakula kikiwekwa, aliuliza kabla hajanawa, "Kapika nani?" Nikisema mimi, alinawa. Nikisema Bi Mpishi kaleta, alikunja mikono na kusema, "Nshakula." Bi Mpishi naye aliambiwa, akajua. Alijifanya halimchomi. Lilimchoma. Nilimwona akikunja uso kila nilipomrudishia bakuli likiwa limejaa vilevile. Akaniambia nigawanye, mume weka huku, mama yake weka kule, na bakuli niliache kwake. Sikuweza kugawanya. Niliwapenda wote wawili, na kila Idi ilinikuta katikati yao nimeshika sahani.

Miaka ikaenda. Mama yangu alihamia Mwanakwerekwe kwa kaka yangu, mimi nikabakia na vyumba vya chini na cherehani yangu, mume wangu akija siku zake za mapumziko. Bi Mpishi magoti yakaanza kumsumbua. Harusi akazikataa moja moja, kisha watu wakaacha kumwita. Zamu ya kupanda ikawa yangu. Kila asubuhi nilipanda, nikavaa glavu na ile kanga ya kijichumba, nikachota kwa upawa wenye uzi mweusi, nikafunga kifurushi yeye akiwa kitini ananisahihisha fundo, nikashuka jaani. Nikirudi tulikunywa chai, na hapo ndipo niliposikia karibu yote ninayokusimulia. Zilikuwa asubuhi njema mno. Kitu kimoja tu kilinipungukia, na hakuna aliyenitajia ila sote tulikijua. Miaka yote hiyo ya ndoa, na mtoto hakuja.

Asubuhi moja, si zamani, nilimkuta anakaanga vitunguu. Nilisimama mlangoni mwa jiko nikamsalimia, harufu ikanishinda, nikarudi nyuma mpaka ukumbini kutafuta hewa. Nilidhani nimekula kitu kibaya. Nikaenda kijichumbani kuendelea na kazi yangu, nikavaa glavu, nikanyoosha mkono kwenye msumari wa kutundikia upawa. Upawa ukachukuliwa na mkono mwengine.

"Huu hushiki tena," Bi Mpishi alisema nyuma yangu.

"Nimefanya nini?"

"Umekikimbia kitunguu changu. Mimi nimekaangia wanawake vitunguu umri wangu wote, mwanangu. Nawajua wanaokikimbia." Alinivua glavu mwenyewe, kidole kimoja kimoja. "Nenda hospitali ukapime. Na majibu yoyote utakayopewa, mchanga huu hushiki. Paka hana neno, lakini huu una vidudu vinavyomtafuta aliye tumboni. Mboga uoshe vizuri, nyama usile mpaka iive kabisa, na mikono usijisahau. Sasa nenda."

Nilikwenda. Muuguzi wa kliniki alinipa majibu, na aliponiuliza kama ninafuga paka, akanieleza mambo yale yale, karibu kwa maneno yale yale. Nilitembea kurudi nyumbani nikicheka peke yangu barabarani, na watu wakanipisha.

Mama mkwe wangu alipopata habari alikuja na begi. Alikuja kukaa, kunipikia na kunilinda, na alikuja na simu yake, iliyokuwa na ujumbe wa sauti uliozunguka Bububu nzima, mtu anaonya wajawazito juu ya kinyesi cha paka. Aliuwasha ukasikika chumba kizima. Nilipotaka kumweleza kwamba sikishiki tena, hakunipa nafasi.

"Kwa yule hupandi," akasema. "Wala yeye hateremki na mikono yake ile. Mjukuu huyu nimemngoja sana mimi. Ama paka wahame nyumba hii ama nakuchukua Bububu."

Sikubishana. Nilijua hofu yake, maana nilikuwa nayo mwenyewe kila nilipoamka. Basi sikupanda. Juu nikawasikia paka wakikimbizana, nikasikia kiti kikiburutwa kwenda kijichumbani, maana alikuwa akikalia kiti ili achote. Kikapu alikuwa akikishusha kwa kamba dirishani, na fundi seremala akikipokea na kukipeleka jaani. Chai yangu nilikunywa chini, na nilisononeka zaidi ya nilivyodhani.

Kisha alasiri moja tukasikia fimbo kwenye ngazi. Ngazi za nyumba ile ni za kale, zimesimama wima, na mwenye magoti mabovu huzishuka kwa ubavu. Fimbo iligonga, ikatulia kwa muda mrefu, ikagonga tena. Nikainuka.

"Kaa," mama mkwe akasema.

"Nnakuja, msinifuate," ikasikika sauti kwenye ngazi.

Tukakaa tukamsikiliza mpaka akafika chini. Akapiga hodi. Mama mkwe wangu ni mtu wa adabu, na hodi haikatai. Akasema karibu.

Bi Mpishi alikuwa ameoga, amevaa buibui lililopigwa pasi, mikono mitupu. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akihema. "Sikuleta kitu, dada," akamwambia mama mkwe. "Najua hungekula."

Mama mkwe alikuwa amejiandaa siku nyingi kwa mazungumzo haya. Akayasema yote, ya simu na ya kwake mwenyewe. Kinyesi cha paka kinaharibu mimba. Kinampofusha mtoto. Mtu mzima, tena mpishi, hawezi kuishi na uchafu kama ule juu ya kichwa cha mjamzito. Bi Mpishi alimsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kukubali.

"Kweli kabisa," akasema. "Kinaweza kudhuru hivyo hivyo ulivyosema."

"Basi kwa nini ulimwacha mkwe wangu akichote?"

Nikaona Bi Mpishi hatajitetea, na nikasema mimi.

"Mama, yeye ndiye aliyenikataza. Alinipokonya upawa mkononi. Wewe ulikuwa hujaambiwa, na mume wangu hajaambiwa. Hata mimi mwenyewe nilikuwa sijajua."

Mama mkwe alinitazama, akamgeukia. "Toka siku hiyo anachota nani?"

"Mimi."

"Na magoti hayo?"

"Na magoti haya."

"Kila siku?"

"Kila asubuhi, dada. Kikilala kinadhuru zaidi. Yupo mtoto humu ndani."

Mama mkwe wangu aliitazama miguu ya mwenziwe, iliyovimba ndani ya ndara, kisha ngazi zilizoonekana kupitia mlango uliokuwa wazi. Nilikuwa namjua vya kutosha kuona kwamba anaona haya, na kwamba hajui aanzie wapi. Akainuka, akamimina kikombe cha chai, akampelekea mkononi kwa mikono miwili. Kisha akajimiminia chake, akasogeza kiti karibu, akakaa.

"Arubaini ya mtoto," akasema, "Mungu akitufikisha, nataka upike wewe."

Bi Mpishi alishusha kikombe kwenye goti. Hakuwa amepika karamu ya mtu yeyote kwa muda mrefu, na pilau lake halikuwahi kuliwa tena na mwanamke huyu tangu siku ya harusi yangu. Alijifuta macho kwa ncha ya buibui, na mimi sikujizuia, nililia waziwazi na kucheka papo hapo. Yeye akainamia chai yake, mpaka nikadhani anatafuta namna ya kukataa.

"Watu wangapi?" akauliza.